Nyanya Anataka Niifute Barua ya Moscow

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamkosea nyanya yangu zaidi, maana tangu Jumapili hatusemezani na tunaishi nyumba moja hapa Mashimoni. Ninaandika tasnifu ya historia kuhusu chama cha kikomunisti kilichokuwa na tawi hapa zamani, na nyanya yangu Aluoch alikuwa mwanachama, yeye na wanawake wenzake walikaa barabarani wiki tatu kuzuia nyumba zao zisibomolewe, na msimamizi wangu, Daktari Muchiri, anasisitiza niandike kwamba walitumwa na Moscow, nami nimekataa kwa sababu nyanya ameniambia tangu utotoni, "Hatukutumwa na mtu." Sasa mjane wa katibu wa tawi, anayeishi Riruta, akanipa makaratasi ya mumewe, nikapata barua ya Moscow iliyoandikwa wiki ya pili, na haisemi kaeni, inasema ondokeni, tunazungumza na serikali yenu, msituharibie, nao wakaondoka, na nyumba zikabomolewa. Niliisoma kwa sauti mbele ya wageni wa nyanya wa kanisa. Nikamuuliza nyanya, ambaye kwa Kijaluo namwita Dani, "Dani, mbona mlitii?" Akasema, "Ifute hiyo, ama utoke kwangu." Nimfichie, ama niandike? Na kwa nini alinidanganya miaka hii yote?

Adhis, Kibera

Adhis, hasira una haki nayo, lakini umemtolea mtu asiyestahili. Unamhoji mama mzee mbele ya waumini wenzake kama mshukiwa, halafu unashangaa akikufukuza? Hapo ulikosa.

Tena hakukudanganya. Barua iliandikwa wakiwa wameshakaa wiki nzima, kwa hivyo kuanza kulikuwa kwao. Daktari wako ameona jina la Moscow akadhani kazi imekwisha. Barua inaonyesha aliyeiandika alitaka nini. Haionyeshi watu wa Mashimoni waliipokeaje. Nani aliwasomea? Nani alipinga? Kuna aliyebaki barabarani? Unaishi na anayejua, na hujamuuliza. Ile "mbona mlitii" haikuwa swali, ilikuwa hukumu.

Lakini barua haifutwi. Ukiificha, utakuwa umefanya kosa la Muchiri kwa upande wa pili: yeye anataka waliotumwa tu, wewe unataka wasiosikiliza mtu. Walianza wenyewe, wakaambiwa waache, wakaacha. Andika yote matatu.

Leo mwombe msamaha, mkiwa wawili. Mwambie wazi kwamba barua itabaki. Kisha muulize siku ya kuondoka ilikuwaje, na unyamaze mpaka amalize. Akikataa kusema, andika kwamba alikataa. Usimjazie maneno mdomoni. Moscow na chuo wameshamjazia ya kutosha.