Daiodi Mbili za Redio ya Bosi

Jumanne jioni, mtaani Tena

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi, funga mdomo. Jana niliunguza kirekebisha-volti, kile kidude kinachopima umeme unaoingia, cha redio kaseti ya bosi, nikaibeba nyumbani kwa siri. Akijua, sina kazi.

Kingine nilichopata soko la Gikomba kinatoa volti tano, nayo redio inataka sita. Kaseti ya kwaya ya mke wa bosi, iliyokuwa ndani, ikaimba polepole kwa sauti nzito.

“Kaka, hawa ni mafahali!” Nekesa, dada yangu, akacheka.

Nikaunga daiodi kwenye mguu wa ardhi wa kile kirekebisha, maana kila moja huongeza kama nusu volti. Mafahali wakawa wazee. Nikaongeza ya pili, mke wa bosi akaimba sawasawa!

“Weka ya tatu, tusikie vifaranga.”

“Nyamaza, wewe!”

Kesho nitairudisha kabla bosi hajafika. Ukinihitaji, niulizie ofisini kwa bosi, kwenye kaunta ya mafaili ninakofanya kazi. Ukiambiwa hawanijui, ujue nimefukuzwa; njoo nyumbani, gonga dirisha la nyuma, taratibu.