Picha ya Asubuhi ya Makote

Lisekese, Masasi
Novemba 1996

Kaka yangu mpendwa Nikolao,

Shikamoo kaka. Nakusalimu kwa mapenzi ya damu moja, nikiomba barua hii ikukute huko India ukiwa mzima, umekula na umelala. Kama kile kikohozi cha vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, bado hakijakuacha, tafuta asali na ndimu, nadhani hata huko zipo. Sisi hatujambo kiasi chetu. Baba Huruma anafundisha, mshahara unakuja unapotaka wenyewe. Huruma anakimbia na kuanguka. Edmund ameota meno ya juu na anayajaribu kwangu, kwa hiyo usiku silali na mchana nasinzia nikiwa nimesimama. Ukiona mahali mwandiko umepinda, ujue hapo mpwa wako amevuta kalamu.

Barua yako ilifika salama. Baba Huruma alitusomea kwa sauti pale uani, na bahati nzuri Mama mdogo Veridiana alikuwa amekuja kutoka Makote kututazama, akawa anabangua korosho huku anasikiliza. Tulicheka sana juu ya yule mwalimu wenu anayewaamuru watu wazima wenye shahada zao wazunguke darasani wakijifanya mlango. Mama mdogo aliuliza inakuwaje mtu aliyekwisha kuhitimu chuo arudishwe shule kujifunza kuwaambia wenzake simama hapa, kaa pale; akasema yeye kazi hiyo anaifanya kila siku kwa kuku wake na hajapewa cheti. Nilikutetea, kaka. Nilimwambia hiyo ni shahada ya uzamili ya kuongoza filamu na televisheni, na kwamba mwongozaji ni yule anayeiona picha kabla haijawa picha. Akasema haya, tumemsikia, soma mbele.

Mbele ndiko kulikokuwa na ombi lako. Umesema walimu wako wameipenda picha ya ile asubuhi ya mwisho pale Makote kuliko zote, na kwamba bila hiyo filamu yako haina mgongo. Umesema ninapogeuka midomo yangu inasema neno, lakini siku hiyo chombo cha sauti hakikunasa kitu, kwa hiyo unataka nikukumbushe ni neno gani. Tena unataka Januari nije Dar es Salaam nilitamke kwenye chumba cha sauti, kisha turudi Makote mpige picha ile ile kwa karibu zaidi. Kazi yote inatakiwa mezani kwa walimu mwezi Machi. Uliandika kwa mzaha kwamba shahada yako imening'inia kwenye midomo ya dada yako. Baba Huruma alicheka. Mimi sikucheka, na sasa nitakueleza kwa nini, na kwa nini nimechelewa kujibu.

Nianze tulipoanzia. Unakumbuka mwezi wa saba tulipofika pale Makote, mahame ya mama yalikuwa majani matupu, mafiga yamezama kwenye udongo, mikorosho imefunga juu. Uliamuru pafagiliwe na moto uwashwe ili kamera ipate moshi. Mama mdogo alikuambia mahameni hapawashwi moto bure. Anayewasha moto mahali palipohamwa anamwambia aliyeondoka kwamba nyumba ina watu, arudi. Wewe ulicheka kwa adabu, ukamwambia hii ni picha tu, mama, tukimaliza tutamwaga maji. Akakuambia basi, kama ni picha, huyu Agatha anayemwigiza dada yangu mpeni jina la kutunga, msimwite jina la marehemu.

Hapo ndipo ulipokataa kabisa. Ulitueleza kwamba mtu akiitwa jina la kuazima hugeuka kwa shingo, akiitwa jina lenye mwenyewe hugeuka mwili mzima, na kwamba hayo mmefundishwa darasani. Ulitaka pale uani pasikike “Mama Nikolao” kama lilivyosikika ulipokuwa mtoto. Mama mdogo akakujibu kwamba Agatha ni Mama Huruma. Mama Nikolao alikuwa mmoja, na wewe ndiye uliyempa jina hilo kwa kuzaliwa kwako, kwa hiyo wewe ukiita si sawa na mtu mwingine akiita. Ukamwambia asiogope. Akasema haogopi, ila wewe umesoma mpaka umepita mahali pa kuogopa.

Nami nilikuwa upande wako. Nilikuwa nimefurahi kuvaa ile kanga ya Mama mdogo na kuambiwa nakaa kama mama.

Halafu siku ya kwanza ile. Mwanaheri, jirani yetu wa zamani, ulimpa kazi ya kusimama njiani na kuita, nami nipepete kwa ungo, niitike abee, nitoke. Kazi ndogo, lakini ulisema tena, na tena, mpaka Mwanaheri akauliza kama wewe ni kiziwi. Mara nilichelewa kuitika kwa kuwa jina si langu, mara niliwahi kupita kiasi, mara jogoo akaharibu. Kisha yule Majaliwa wako wa Dar es Salaam, wa kamera na sauti, alivua yale madude ya masikioni, akafoka kwamba yule mwanamke aliye nyuma ya nyumba anayeitika pamoja na mimi aambiwe anyamaze. Tulizunguka nyuma ya ule ukuta uliobaki. Hapakuwa na mtu, palikuwa na upupu. Ukasema ni mwangwi, sauti inagonga bonde na kurudi. Fikirini, yule kijana wa mashine ya salfa, akamtania Majaliwa kwamba huyo naye alipwe, maana waigizaji wanaoitika vizuri ni wachache. Tulicheka ili yaishe. Lakini kaka, mwangwi hufuata. Majaliwa aliniambia baadaye, wakati anakunja nyaya zake, kwamba ile sauti ilitangulia ya kwangu.

Mlipoondoka Mama mdogo alimwaga maji kwenye mafiga, tena maji ya kununua, na maji ya huko Newala unayajua mwenyewe yanavyopatikana. Akadhani mambo yamekwisha. Msimu wa korosho ulipofika alikwenda kuokota chini ya mikorosho ya mama, akakuta uwanja umefagiwa, mistari ya fagio bado inaonekana, na hakuna wayo. Korosho zilizoanguka zimenyofolewa mabibo, zimewekwa fungu moja safi, mabibo fungu jingine. Fikirini alisema mwaka huu wanunuzi binafsi wamejaa mpaka vijijini, bei inapanda kila kukicha, labda hata wezi nao wameongeza huduma, wanakufagilia kabisa. Mama mdogo hakucheka. Hakuna kilichoibwa. Tangu siku hiyo akipita pale, mtu mzima mwenye mvi vile, anasimama njiani anasema shikamoo dada, ndipo anapita. Watoto wa Makote wamelifanya mchezo, wanamwigiza. Yeye hawajali.

Sasa nakuja kwenye barua yako, na naomba uisome sehemu hii ukiwa umekaa.

Baba Huruma alifika pale unapoieleza picha yenyewe. Umeandika kwamba jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, Fikirini ametoka kupulizia, salfa imetanda kati ya mikorosho kama ukungu wa manjano. Umeandika kwamba hukuniona nikija, ila uliona kivuli kinapita ndani ya lile vumbi, ukamwashiria Majaliwa aiwashe kamera, ukaita wewe mwenyewe. Nikageuka mwili mzima. Umenisifu kwamba nilihamisha kanga kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, nikafuta pua kwa mgongo wa kiganja, nikakutazama kama mtu anayetaka kukukemea lakini anacheka, nikasema neno, nikarudi ndani ya vumbi. Ukaandika kwamba hukunifundisha hata kimoja kati ya hivyo, kwamba hicho ni kipaji, na kwamba nikizaliwa mara ya pili nizaliwe karibu na chuo chenu.

Mama mdogo aliacha kubangua. Alimwomba Baba Huruma arudie pale pa kanga na pua. Akarudia. Mama mdogo aliinuka, akaenda kusimama nje ya uzio kwa muda mrefu, na aliporudi aliniuliza nani alinifundisha kufuta pua vile. Nilimwambia ukweli, na wewe nakuambia huo huo.

Mimi sikuwapo.

Asubuhi ile Edmund alinitapikia kwenye kanga, kabla hata hamjasimika kamera. Nilikwenda kwa Mwanaheri, nikaifua kanga kwa maji yake, nikaianika kwenye uzio, nikavaa gauni langu mwenyewe. Kisha nikakaa jikoni kwake kunyonyesha, naye akanipa uji wa muhogo. Tulikuwa hapo sauti yako ilipofika. Mwanaheri alisema unaitwa. Nikamjibu kwa utani kwamba Mama Nikolao atasubiri, sasa hivi mimi ni Mama Huruma, na mtoto wangu hajashiba. Tukatega masikio tukingoja uite tena, maana wewe kaka hujawahi kuridhika na mara ya kwanza. Hukuita tena. Nilidhani filamu imekwisha kwenye mashine.

Niliporudi jua lilikuwa juu, mnafunga mizigo muwahi gari la Masasi. Macho yako yalikuwa mekundu, nikasema ni salfa. Ulinishika mkono ukasema asante, nimepata nilichokuwa nakitafuta. Nikadhani unasema kazi yote kwa jumla. Hukuniuliza kanga iko wapi. Nadhani uliamini nimekwisha kubadili nguo. Kanga ilikuwa bado inachuruzika maji kwenye uzio wa Mwanaheri. Ukitaka muulize yeye, mwandikie, jirani yake atamsomea.

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi. Mwanzo niliogopa hata kwenda kuteka maji peke yangu, na Huruma akiniita ghafla nilishtuka mpaka akawa analia. Mume wangu alisema labda ni mwanamke mwingine alipita shambani. Nikamwuliza mwanamke gani wa Makote anayegeuka kwa jina hilo. Akavuta madaftari yake kusahihisha, na mwalimu akikimbilia madaftari ujue amefika mwisho wa kitabu.

Kwa hiyo jibu langu, kaka, ni hili. Neno lile silijui, siwezi kukukumbusha nisichosema. Sitakuja Dar es Salaam kuweka sauti yangu kwenye midomo isiyo yangu. Wala usije Januari na kamera kuita jina lile pale mahameni ili upate picha ya karibu zaidi. Mama asirudishwe rudishwe kama ulivyokuwa unaturudisha mimi na Mwanaheri. Najua mwezi Machi unakuja. Najua ulikotoka, ulivyosoma kwa taa ya chupa, na ninajua maana ya kukosa shahada ukiwa mlangoni. Nimelia kwa ajili hiyo. Hata hivyo ukininunia, ninuniwe. Katika hili sitasogea.

Lakini usiitupe picha ile, na nakuomba, ingawa walimu wamekwisha kuiona, usiwakabidhi kabla haijafika kwetu. Njoo nayo. Usituletee kwenye banda la video pale mjini ambako watu wanalipa kutazama wenzao wakipigana mateke. Tafuta mashine, tutaonea hapa nyumbani, mlango umefungwa. Mama mdogo anasema alilala kitanda kimoja na dada yake mpaka alipoolewa, alikuwa anamsoma midomo hata kanisani wakati wa sala. Anasema akioneshwa atakuambia neno hilo ni lipi. Likishajulikana utaamua mwenyewe kama ni la kuwapa walimu au ni lako la kukaa nalo. Mimi nadhani hakusema na walimu.

Na mimi nina haja yangu. Mama alipofariki nilikuwa bado nanyonya. Hakuna aliyewahi kumpiga picha. Wote wananiambia nimefanana naye, basi kila nikijitazama kwenye kioo najaribu kuondoa yaliyo ya baba ili yabaki ya kwake, na siwezi, kwa sababu sijui yapi ni yapi. Sasa uso huo uko huko kwako, kwenye kopo la filamu. Wewe ulimjua, kaka. Ulikuwa mkubwa, ulikuwa unamfuata shambani. Ulimwita mara moja, akageuka, akakutazama, akasema na wewe. Nawe ukachukua kalamu ukanisifu mimi.

Mama mdogo anakusalimu sana na amesema ule vizuri. Baba Huruma naye anakupa pole ya masomo. Huruma anamwamkia mjomba wake, anaomba viatu vyekundu, lakini hilo lisikupe shida. Edmund amelala wakati namalizia, nami naiwahi nafasi hiyo. Mungu akutunze njia yote mpaka utakapobisha hodi hapa kwetu.

Ni mdogo wako, niliyekuwa ninanyonyesha,

Agatha, Mama Huruma