Pumzi Aliyoibana Shemeji Yangu

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie, maana tarehe 9 Februari, saa tatu na dakika kumi asubuhi, pafu la kushoto la shemeji yangu Nihadh lilipasuka nikiwa mita tatu tu kutoka kwake, na mchana wa siku hiyohiyo shule yangu ya kuzamia, niliyoijenga kwa miaka kumi na minne nikianzia kujaza mitungi ya hewa ya wenzangu, ikafungwa mpaka uchunguzi uishe.

Nihadh ni kaka wa mke wangu Shifna, na hapa kisiwani hakuna anayemshinda kuzama kwa pumzi yake mwenyewe, anashuka mita ishirini kunasua nanga na kurudi anacheka, nami nilikuwa na wageni kumi na mmoja wanaofika tarehe 10 na msaidizi sina, nikamwambia njoo nikufundishe mtungi, masomo ni matano kwenye maji ya kiunoni kabla hujashuka. Tukafanya mawili. Wazee wanaokaa kwenye viti vya kamba bandarini wakawa wanamuuliza kila akipita, "Vipi Nihadh, shemeji ameshakunyonyesha leo?" kwa sababu ya ule mpira wa kupumulia mdomoni, na siku ya tatu akasimama majini, akautema, akasema, "Shemeji, mimi nazama tangu nina miaka saba. Weka alama zako twende." Nikaweka alama zote tano kwenye daftari la masomo, kana kwamba tumeyamaliza.

Somo la tatu ndilo linalosema usibane pumzi ukiwa na mtungi, hata kidogo, maana hewa uliyoivuta mita kumi chini inakuwa maradufu ukifika juu, lita sita zinataka nafasi ya lita kumi na mbili, na kifua hakina nafasi hiyo. Anayezama kwa pumzi yake hana shida hiyo kwa kuwa hewa aliivuta huku juu. Asubuhi ile ya tarehe 9 tulikuwa mita tisa chini, miwani yake ikaingia maji, akafanya alichofanya maisha yake yote, akafunga mdomo akapanda kama mshale, akatokea na povu la damu. Siku kumi na mbili alikuwa na mrija kifuani hospitalini Malé, na daktari amemwambia hatazama tena, hata kwa pumzi yake.

Sasa uchungu wangu. Waliocheka ni wazee, aliyekataa somo ni yeye, aliyefungiwa ni mimi. Lakini Nihadh amewaambia wachunguzi kwamba nilimfundisha yote matano, akasahau, na Ijumaa hii baada ya swala ukoo mzima unakuja kwangu ili aniombe radhi kwa kuniharibia jina, na Shifna ananiambia, "Msamehe, baba Yaish. Ulimfundisha, hakusikia." Maneno ya Nihadh yakisimama, shule inafunguliwa. Nikisema kweli, sifundishi tena. Nifanyeje?

Shaukath, visiwa vya Ari, Maldivi

*

Shaukath,

Pole kwa shule. Nimezipitia hesabu zako, ziko sawa, ila orodha ya wakosaji ina pengo: wazee umewaweka, shemeji umemweka, wewe haumo. Yeye alikataa somo asilojua lina nini ndani. Wewe ulijua. Kazi ya mwalimu ni kumwambia mtu mzima anayejivuna, "Bila somo la tatu hupandi boti yangu," bandari nzima na icheke. Hukumwambia kwa sababu wageni walikuwa njiani.

Na mtu huyo, kifua chake kimeharibika, bado anasema uongo ili wewe ule. Unataka aje akuombe radhi, kisha umkaribishe chai?

Usiipokee radhi hiyo. Alhamisi asubuhi nenda kwake peke yako, umwambie, "Hatari ile sikukueleza." Ukitoka hapo mwambie Shifna, asije akasikia kwa majirani. Jumapili, ofisi zikifunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, peleka daftari, ufute alama tatu mbele ya wachunguzi. Wakikunyima shule, kujaza mitungi unajua.

Nawe msomaji unayejifunza kuzamia: pumua muda wote, panda polepole kuliko viputo vyako vidogo, na mwalimu akiruka somo, toka majini uende nyumbani.

Shaukath, sitaki barua nyingine ndefu. Alhamisi kabla ya saa kumi jioni piga simu hapa gazetini, nitapokea mwenyewe, uniambie moja kati ya mawili: umemwambia, au hujamwambia.

Dada Zuhudha