Mashudu Badala ya Omena

Jumatatu, 4 Machi 1991. Kitale.
Miezi saba tangu nitoke Myanga. Nimeosha banda, nimechanganya chakula kwa koleo. Watoto wa nguruwe wameachishwa kunyonya juzi, bado wanamlilia mama yao. Mzee Simiyu, mwenye shamba, amekataza omena, wale dagaa wa ziwani tunaowatia kwenye chakula. Wanunuzi wanasema nyama yake inanuka samaki. Tutie mashudu ya alizeti. "Protini ni protini, bana." Amesema hawa wadogo wakipata mwili, Pasaka niende nyumbani. Wasipopata, nibaki nao. Mtoto wangu nilimwacha hajaanza kukaa mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi.
Wanakula, hawakui. Nywele zimesimama. Mmoja anatafuna mkia wa mwenzake. Pasaka naiona ikiniponyoka.

Alhamisi, 14 Machi.
Mzee alisema niongeze mashudu. Niliongeza. Sasa wanaharisha. Nimezika mmoja nyuma ya banda. Namchukia mzee. Leo sikula.

Jumamosi, 16 Machi.
Afisa wa mifugo amekuja, mama mmoja mcheshi. Alitia mkono kwenye gunia akacheka. "Ati protini ni protini? Mzee, wewe utajenga nyumba kwa misumari bila mbao?"
Alieleza polepole. Protini imeundwa kwa vitu vidogo vingi, vinaitwa asidi amino. Kimoja ni laisini. Mahindi yana kidogo, mashudu ya alizeti pia. Hiyo ikipungua, zile nyingine mwili hauna kazi nazo, unazitupa. Kuongeza mashudu kulichosha tu matumbo machanga. Omena ina laisini ya kutosha. Na harufu? Omena hutolewa nguruwe wakishakua, mapema kabla ya kuchinja. Sisi wale wakubwa tuliwalisha omena mpaka siku ya kisu.
Mzee aliangalia chini. "Si ungekuja mapema, mama."
"Si ungeniita."

Jumamosi, 23 Machi.
Omena imerudi, na soya tuliyokaanga. Mavi yameshikana. Hawatafunani tena. Nafikiria sana. Nilidhani kushiba kunatosha. Mimi nashiba ugali kila siku na bado nachoka.

Alhamisi, 28 Machi.
Mvua tangu mchana. Mzee aliinua mmoja, akampima kwa mikono, akamrudisha taratibu. "Nenda. Lakini urudi."
Wamelala wamerundikana. Nasikia wakipumua.
Kesho Ijumaa Kuu. Nitafika Myanga kabla jua halijatua. Mtoto atanikataa mwanzoni. Nitakaa chini nimngoje.