Hatua Mia Sita Kutoka Posta Hadi Korti

Mpendwa Baba,

Niliamua sitakuandikia mpaka nijue kama ulinidanganya.

Nakumbuka Jumapili zetu pale Kaloleni, Nairobi, mguu wako mbovu ukiwa juu ya ndoo, nawe ukinipangia mji wa wilaya yetu sakafuni kwa viberiti. Hiki posta. Hiki boma, ofisi ya bwana DC, mkuu wa wilaya, paa la mabati mekundu. Kile cha mwisho korti ya mawe, madirisha marefu kama ya kanisa. Ulikuwa tarishi huko kabla ya kuja Nairobi.

"Posta hadi korti, hatua mia sita," ulisema. "Nilizihesabu kila siku, faili kwapani."

"Na barabara, pana kiasi gani?"

"Ng'ombe ishirini wanapita bega kwa bega."

Mama akacheka kutoka jikoni. "Baba Nekesa, punguza chumvi!"

Tulipokupeleka nyumbani kukuzika, basi lilikata njia nyingine, mji sikuuona. Kwa hiyo mwalimu wa jiografia alipotuagiza kila mmoja achore mji wa wilaya yake, nilikuwa na maneno yako tu. Hatua yako niliijua. Mara ngapi tulikwenda hadi ukumbi wa mtaa, umeniegemea bega, mimi nikihesabu? Niliiiga sakafuni, nikaipima kwa rula: sentimita arobaini. Nikazidisha kwa mia sita. Mita mia mbili na arobaini.

Ramani ikabandikwa ukutani. Darasa zima likaja kutazama.

"Huu ni mji ama ni ploti?" Omondi akauliza. "Mtu akipiga chafya posta, hakimu anamwambia pole! Nekesa, mzee wako alikuwa anakubeba ufala, anakudanganya tu."

Unajua sauti yangu inavyopotea mbele za watu. Ila usiku ule niliwaza: kama mji haukuwa kweli, yale mengine uliyonieleza je?

Likizo hii ya Agosti Shangazi Rasoa amenileta kwenye mji wenyewe. Barabara ya murram, ile changarawe nyekundu, inapanda kutoka darajani, mikaratusi pande zote mbili. Mabati ya boma yamechujuka, yamekuwa ya kahawia. Kwenye maduka ya zamani ya Wahindi, majina bado yamechongwa juu ya milango, ingawa ndani sasa wanauza mbolea na sare za shule. Nilitaka kujua kila kitu: nani alichonga, mawe yalitoka wapi, kwa nini barabara inapinda bila sababu pale penye jela.

Nikaanzia mlango wa posta, nikitembea kama wewe, nikiburuta mguu wa kushoto. Nilipofika mia sita nilikuwa mbele ya fundi wa baiskeli. Korti haikuonekana popote.

"Mbona unachechemea?" Shangazi akauliza. "Kiatu kimekubana?"

"Napima kwa hatua za Baba."

Akapiga makofi, akacheka hadi fundi akageuka. "Wewe na vitabu vyako! Mguu aliuvunjia Nairobi, kwenye kazi ya mjengo, kabla hujazaliwa. Hapa ndugu yangu alikuwa hatembei, alikuwa anaruka mitaro! Hakimu alimwita Swala."

Nilirudi posta mbio. Nikanyoosha miguu kadiri sketi ilivyoruhusu, watu wakinitazama, na kwa mara ya kwanza sikujali. Nilifika kwenye ngazi za korti kwa hatua mia sita na sabini, mapaja yakiwaka moto. Mawe yapo. Madirisha marefu yapo, mbuzi wamelala verandani. Barabarani, kwa makadirio yangu, wanatosha ng'ombe kumi na wawili. Kwa ng'ombe, Baba, ulitia chumvi.

Nilikaa pale kwenye ngazi. Nimekuwa nikimlilia mzee mwenye mguu mbovu. Huyu kijana aliyenishinda kwa hatua sabini sikuwahi kumfahamu, na sasa namkosa yeye pia. Nina maswali mengi ya kumuuliza. Alikuwa akiwahi nini?

Nimechora ramani upya. Chini, mahali pa kipimo, nimeandika: hatua moja ya Baba, akiwa kijana.

Lala salama, Swala.

Binti yako