Gari la Papa Byamungu

Nechells, Birmingham

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa mguu umepungua, na kwamba humfichi Mama unapouma. Sisi tunapumua, Mungu ni mwema, ingawa tangu saa zirudishwe nyuma, saa kumi jioni giza limeshaingia na kwenye redio hakuna lingine ila Uingereza kujitoa Ulaya. Nimeamua kuandika kwa sababu simu wewe unaiweka spika, nyumba nzima inasikia mpaka wapangaji. Hili nataka ulisome peke yako.

Unakumbuka nilikwambia tunatafuta gari. Si kwa ufahari. Daktari wa Elia alisema baridi ndiyo inayomwamshia selimundu, ule ugonjwa wake wa damu, na kila siku ya kliniki nasimama naye kituoni nimemfunika kwa koti langu mwenyewe. Mtoto wa miaka sita akianza kulalamika miguu, kwa Kiingereza chake hicho, najua tunaelekea kulazwa.

Mwezi mzima tulihangaika na magari. Vigari vya Kijapani bei yake nzuri, lakini kiti cha nyuma Elia hawezi kunyoosha miguu. Ya Kijerumani, spea zake ni kilio. Baba Elia alitamani gari kubwa la jirani, aina ya jipu, nikamwambia hilo linakunywa kuliko mjomba. Mwishowe tukakubaliana gari la saluni la Kimarekani, lile la familia la saizi ya kati: nyuma kuna nafasi, buti kubwa, hita kali, na zimejaa hapa hadi bei imeshuka. Mmarekani wa jina tu, maana wanaiunda Ulaya, lakini wewe ulizisifia tangu ile ya mapadri uliyokuwa ukiitengeneza.

Ikatokea Papa Byamungu anauza ya kwake. Ni shemasi wa kanisa letu, mtu wa Uvira, Kongo, kama Baba Elia, anakaa Handsworth. Ndiye aliyekuja kutupokea uwanja wa ndege na mablanketi. Ndiye aliyemwekea Elia mikono alipolazwa mara ya kwanza. Akatutajia bei ya ndugu. Baba Elia akanionya mapema: kule hatuendi kukagua, tunakwenda kuchukua. Mtu aliyekuombea huwezi kumfungulia boneti.

Jumamosi tukaenda sisi watatu. Gari la rangi ya fedha, limeoshwa, limeegeshwa mbele ya nyumba. Wazee wawili wa kanisa walikuwepo kushuhudia, na ndani Mama Byamungu alikuwa ameshapika sombe, kisamvu cha kwao. Nikasalimia wote vizuri. Kisha mkono wangu, Baba, ukaenda wenyewe kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. Moto kabisa.

Unajua ulichonifundisha gereji tangu nina miaka kumi: muuzaji anayechemsha injini kabla hujafika anaficha ugonjwa, maana injini baridi haijui kudanganya. Nilijaribu kunyamaza, naapa. Nikamwangalia Baba Elia, akanitolea macho. Nikamwangalia Elia, ameshaingia nyuma, kanyoosha miguu, anacheka. Nikawaza asubuhi ya barafu, mtoto analia kwa maumivu na gari linakohoa tu, haliwaki. Mdomo ukafunguka.

"Papa, mbona injini umeichemsha? Kuna nini unatuficha?"

Wale wazee wakainamisha vichwa. Papa Byamungu alinitazama kidogo, akamtazama Elia mle ndani ya gari, akaingia nyumbani kwake polepole na kufunga mlango. Sombe hatukula. Kwenye basi, tulipoimaliza barabara ya Soho Road, Baba Elia akasema kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele ya watu wangu." Hakuongeza neno mpaka Jumatatu.

Nami nikakaza shingo. Nilijiambia heri mume aninunie kuliko kununua mkweche. Wewe unanijua.

Wiki iliyofuata siku ya kliniki ikafika. Basi la kwanza lilipita limejaa, la pili halikutokea. Mvua ya upepo, ile inayoingia hadi kwapani. Tulikaa pale dakika arobaini. Elia akaacha kuongea, nikajua. Siku nne hospitalini, Baba, na dripu mkononi, mtoto anang'ata kona ya shuka ili asipige kelele. Baba Elia alikuwa anatoka kazini anakuja kukaa upande wa pili wa kitanda. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku ya tatu akaja Mama Byamungu na uji kwenye chupa ya chai. Nikasema moyoni, leo nitasemwa. Wala. Alimlisha Elia kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo, ndipo akaniambia kwamba Jumamosi ile mumewe aliamka mapema, akaliwasha gari, akalizungusha mitaani nusu saa huku hita imefunguliwa mpaka mwisho. Alisema hataki mtoto wa Yusta akute viti vya baridi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu alichoma mafuta yake asubuhi ile kwa ajili ya miguu ya mwanangu, na mimi nikamwita mwongo mbele ya wazee wake.

Elia aliporuhusiwa tulikwenda Handsworth, mimi na Baba Elia. Nilipiga magoti pale pale mlangoni, sikungoja kukaribishwa. Papa Byamungu akaniinua kwa kiwiko.

"Mama Elia, weye ulikuwa unachunga mutoto," akasema. "Na miye vilevile."

Nililia mpaka nikaona haya. Lakini gari lilikuwa limeshakwenda. Mtu wa Moseley alilichukua siku ile ile Elia alipolazwa. Papa alisema alikuwa amengoja wiki nzima tumpigie. Wiki nzima, Baba, na simu ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa hatuna gari na Desemba inaingia. Nimemnunulia Elia suruali za sufu za kuvaa ndani, na shule imekubali asitoke nje wakati wa mapumziko. Baba Elia ananisemesha, ila kwa adabu, kama mgeni. Ananishukuru kwa chakula. Hilo linaniuma kuliko kununiwa.

Wewe sikulaumu. Ulinifundisha kununua kwa watu tusiowajua, na mimi nikampima hivyo mtu aliyetupokea.

Msalimie Mama, mwambie mjukuu wake anakula na amerudi shule. Msalimie kaka mkubwa anayeshika gereji sasa, asiiachie vijana peke yao. Msalimie shangazi wa dukani, na mama mdogo wa kwaya, ambaye maombi yake nayahitaji zaidi mwezi huu.

Na wewe Baba nina ombi. Radhi niliyoomba mwenyewe haitoshi, kwa desturi ya kwao hata ya kwetu, mpaka mzee wangu aseme. Namba ya Papa Byamungu nimeiandika nyuma ya picha ya Elia. Mpigie Jumapili jioni. Tutakuwa nyumbani kwake, wale wazee wawili pia nimewaita. Usianze na habari za injini, wala usinitetee. Mwambie wewe ndiye baba wa yule mwanamke. Na siku hiyo waambie huko waiweke simu yako spika, na Papa nitamwomba aweke ya kwake. Baba Elia atakuwa ameketi karibu nami, na nataka asikie kwamba nina kwetu, na kwamba kwetu tunajua kuomba radhi.

Ni mimi binti yako mwenye mdomo,

Yusta, Mama Elia