Kwenda na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya yote nakuuliza hali. Nyonga inaendeleaje? Binti yako aliniambia kwamba sasa unatoka kitandani mpaka mlangoni kwa fimbo, na kwamba fimbo yenyewe unaitumia zaidi kuwaonyeshea wajukuu wanapopiga kelele. Nilicheka peke yangu jikoni. Tafadhali itumie kwa kutembea pia, isiwe ya vita tu.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kidogo, nafua. Nguo za kufua zimekuwa chache, nikizianika kamba inabaki tupu nusu nzima. Asubuhi bado nachemsha maji ya watu wawili, kisha nasimama nayatazama.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako siku hizi inawekwa kwenye spika, na chumba kizima kinasikia. Haya ninayotaka kukwambia ni ya macho yako wewe. Ukimaliza kusoma, ifiche barua au ichane, utakavyoona.

Karakana ya viti ya mdogo wako bado imefungwa, lakini wateja wanakuja. Juzi alikuja dereva wa lori ambaye kiti chake kilibaki nusu. Tangu msiba amekuwa akiendesha amekalia kreti ya soda na mto juu yake. Fundi redieta wa jirani akaomba amalizie yeye. Alishona, lakini mshono ukaenda kombo kama njia ya mbuzi. Dereva akakigeuza kiti huku na huku, akasema, "Basi ndugu yangu, wacha nibaki na kreti." Tukacheka wote watatu, halafu kila mtu akawa hajui aangalie wapi.

Wifi, ile siku ya pili baada ya mazishi uliniambia neno kwenye simu. Ulisema, "Hata duniani amekuja na kurudi siku hiyo hiyo." Ulikuwa umelazwa, mguu umefungwa, hukuweza kuja kumzika mdogo wako wa pekee. Mtu aliye katika hali hiyo ana ruhusa ya kusema lolote. Ila neno lile limekaa na mimi, kwa sababu linaonyesha kwamba umebaki ukiamini mdogo wako huyu hakuipenda nyumba yako. Najuta sana kwamba ameondoka ukiwa bado unaamini hivyo.

Huku kwetu walimwita Saa Kumi. Iwe harusi au msiba, alasiri ikifika tu, yeye tayari anatafuta viatu vyake mlangoni. Wenzake walimtania, "Mkeo amekupa ruhusa mpaka saa ngapi leo?" Naye aliwajibu, "Muda ulishapita, hapa nilipo nimetoroka." Wakacheka, na mimi nikaonekana mke mkali kuliko wote mtaani. Sikuudhika. Aliona afadhali wamcheke kwa kumwogopa mke kuliko wamjue kwa ukweli wenyewe.

Ukweli wenyewe ni huu. Tangu ile tezi dume ilipoanza kumsumbua, usiku ulikuwa mgumu kwake. Aliamka mara nyingi kwenda chooni, na kuna usiku usingizi ulimzidi, akashtuka ameshaloa. Daktari alimpa dawa. Siku nyingine zilisaidia, siku nyingine hazikusaidia. Alipoona godoro linaharibika, alilibeba mpaka karakana akalishonea kava la ngozi ile ile aliyokuwa akiweka kwenye viti vya mabasi, nyeusi, yenye mshono wa mara mbili. Tukawa tunalala juu yake kama abiria. Usiku wa kwanza alisimama kando ya kitanda akaniambia, "Bibie, panda, gari linaondoka."

Nyumbani aliweza kulifanyia mzaha. Nje ya nyumba hakuweza kabisa.

Nilimwambia mara kwa mara, "Dada yako si mtu baki, mweleze tu." Siku moja akanijibu, na baada ya jibu hilo sikurudia tena. Alisema, "Dada alinigeuzia godoro utoto wangu wote. Leo amezeeka, nimpelekee kazi ile ile?"

Mimi habari hiyo ya utotoni sikuwa naijua. Ndipo aliponieleza jinsi ulivyokuwa ukiingia kimyakimya kabla mama hajaamka, unamvua, unageuza godoro, unamvalisha shati lako kavu. Mama akiuliza, unasema ni wewe umemwaga maji ya kunywa. Alisema siku moja ulipigwa kwa ajili ya hayo maji, naye akiwa amejificha nyuma ya mlango akisikia. Alinieleza akiwa ameshika sindano, na hakuichomeka popote mpaka alipomaliza.

Kwa hiyo ulipokuwa ukimwambia, "Njoo ulale, nimekutandikia shuka mpya," ulidhani unamvuta, kumbe unamfukuza. Naye alipokuwa akijibu, "Nitakuja na kurudi," ulidhani anakudharau. Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando, nakoroga chai, najua.

Halafu barabara kuu ikamalizwa kutiwa lami. Yeye hakuwa msafiri, hilo unalijua, lakini barabara aliijua kwa masikio. Madereva walipitia kwake kushonewa viti, na mtu akiketi kusubiri, anahojiwa. Daraja limekwisha? Kwenye mizani kuna foleni? Walipomwambia kwamba sasa mtu anatoka huku alfajiri, anakaa mjini kwenu mchana, na jioni yuko kwake bila kukimbiza gari, alifunga karakana akaja nyumbani. Alikupigia hapo hapo. Ukamwambia hutaki mgeni wa kuangalia saa, kwamba mtu anayekuja na kurudi siku hiyo hiyo hajaja, amepita tu. Alibaki ameshika simu hata baada ya wewe kukata. Nilidhani safari imekufa pale.

Ulipoanguka ukavunjika nyonga, alihangaika siku nzima, hakushona hata kiti kimoja. Usiku akaniamsha. Alikuwa ameketi, anatabasamu gizani, nilimjua kwa sauti. Akaniambia, "Bibie, hospitali. Wodini hakuna anayemwambia mgeni alale. Kengele ikilia wanatutoa wote, na dada hawezi kununa."

Kuanzia hapo ilikuwa ni mipango tu. Alimwita yule jirani yetu mwenye teksi ambaye watu wanamwita Mzee Taratibu, kwa kuwa baiskeli zinampita. Wakakaa kwenye meza yetu ya chakula. Kikombe kilikuwa mji wetu, sahani mji wenu, na katikati mume wangu akapanga vifungo vya viti, kila kifungo kituo cha mafuta. Chekundu kina choo safi. Cheusi usisimame. Cheupe choo kipo, ila ufunguo anao bwana mmoja mbishi.

Mzee Taratibu akatazama, akatazama, akasema, "Fundi, hii ni safari au ukaguzi wa vyoo?"

"Wewe endesha. Vyoo niachie mimi."

"Na chakula je? Sijaona kifungo cha chakula."

"Utakula wodini. Dada hawezi kumaliza sahani ya hospitali."

"Akininyima?"

"Ujue amenikasirikia mimi."

"Sasa mimi kosa langu nini?"

"Umenileta."

Mzee Taratibu hakuuliza kwa nini vituo ni vingi hivyo. Nafikiri alishaelewa, maana siku ya pili alikuja mwenyewe kusema gari lake lina tabia ya kutaka kupumzika mara kwa mara, tusishangae akisimama.

Mimi nilipangiwa kiti cha nyuma upande wa kushoto. Nikauliza kwa nini kushoto. Akasema asubuhi jua litakuwa kulia kwetu, na jioni tukishageuka litakuwa kulia tena, kwa hiyo nitakaa kivulini kwenda na kurudi bila kuhama. Lilimfurahisha sana jambo hilo. Alilieleza kwa kila aliyeingia karakana.

Alikushonea na mto wa kiti, mnene, ili utakaporudi nyumbani usiwe unakaa chini sana. Usinisadiki mimi, muulize binti yako. Atakumbuka kupigiwa simu akaambiwa apime kiti chako kutoka sakafuni, asikwambie. Muulize ilikuwa wiki gani.

Ilikuwa wiki ile ile. Tulikuwa tuje Jumapili. Alhamisi asubuhi alikuwa anavaa viatu aende kazini, akasema amechoka, akajilaza na kiatu kimoja mguuni. Nilikuwa nafagia. Nikamwambia aondoe kiatu kwenye shuka, na hakunijibu, nikafikiri ni utani wake. Walisema ni moyo.

Wifi yangu, wewe ulikuwa wodini ukimhesabia siku za kutokuja, naye alikuwa ameshapanga vyoo mpaka kwako. Hilo ndilo linaloniamsha. Kifo siwezi kubishana nacho. Lakini kila mmoja wenu alikuwa anamtaka mwenzake, barabara ilikuwepo, na maneno machache yangetosha. Nilizuiwa kuyasema, nikatii. Leo nayasema na hayamfai tena. Labda yatakufaa wewe.

Sasa nataka kuja mimi. Nimeshaongea na Mzee Taratibu, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Amekataa nimlipe chochote zaidi ya mafuta, tumebishana, bado tunabishana. Yeye ni lazima arudi siku hiyo hiyo, maana gari ndiyo kazi yake na Jumatatu ana watu wa kupeleka sokoni. Tutasimama kwenye vifungo vyekundu vyote, hata nisipokuwa na haja. Ameniambia hivyo mwenyewe, na sikuweza kumwambia asifanye.

Sijui kama utapenda kuniona. Nilikuwa mke wa mtu aliyekuudhi, na tena mtunza siri yake, na kwa yote mawili una haki ya kuninunia. Lakini nisikilize. Mimi nilimpata akiwa tayari na ndevu. Nilimkuta anajua kushona, anajua kutania, amekwishakuwa yeye. Mama yenu hayupo, baba yenu hayupo. Duniani amebaki mtu mmoja tu anayejua alikuwa mtoto wa namna gani, naye ni wewe. Wanangu wananiuliza, "Baba alikuwaje alipokuwa mdogo?" na mimi nina habari moja tu, ya godoro, ambayo siwezi kuwapa. Nataka unipe nyingine. Alikuwa mwoga wa nini? Aliimba? Alianza lini kuchezea sindano? Nani alimfundisha kucheka vile, kwa pua kwanza? Nikikaa na hayo yote kichwani, nitakuwa naye mzima, si nusu.

Habari kama hizo hazielezeki kwa mchana mmoja, nalijua hilo. Nitakuja na begi. Ndani yake mna gauni la kulalia, dawa zangu za presha na nguo za siku chache. Sitalishusha mwenyewe. Litabaki kwenye buti mpaka useme. Ukisema lishushwe, Mzee Taratibu atarudi peke yake na kiti cha kushoto kitupu. Usiposema, tutakunywa chai, nitakukabidhi mto wako, nami nitapanda gari jioni. Sitanuna, wala sitamwambia mtu.

Nisalimie binti yako, mwambie asante kwa kupima kiti. Wasalimie wajukuu wote, hata yule anayeificha fimbo. Mwanangu mkubwa anakusalimu, na wadogo zake pia. Wananiuliza kila siku kama shangazi ameanza kutembea, na mimi najibu ameanza. Mzee Taratibu naye anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema tayari anakuogopa.

Mungu aupe nguvu mguu wako, akupe na usingizi usiokatika, na akulipe kwa kila asubuhi uliyoamka kabla ya mama.

Mimi ni wifi yako, ninayekupenda tangu alipokutaja mara ya kwanza. Jumapili hiyo ikifika, au hata isipofika, nakuomba unikumbuke.